Fungu Langu la Uyoga

Jumatatu, 4 Mei 1987

Funga ya tano. Daku chai ya rangi na kiporo cha ugali. Sketi tatu za shule nimezimaliza kabla jua halijapanda, ya nne nimekosea kiuno nikaifumua yote. Cherehani inalia kama imeonewa. Itabidi nitafute mafuta yake sokoni Kombewa.

Mama amekaa mlangoni kwake, goti amelinyoosha juani. Kila nikipita ananiuliza kama kweli hata maji sinywi. Hata maji, Mama. Na mate je, nayatema au nayameza? Huu mwaka wa sita ananiuliza jambo hilohilo. Jibu analijua. Anapenda kunichokoza tu, na mimi napenda kuchokozwa, ingawa siwezi kumwambia.

Ni mama wa mume wangu, lakini namwita Mama bila kuongeza neno. Aliyenizaa tulimzika Kaloleni, kule Kisumu mjini, mwaka mmoja kabla sijaolewa. Sina mwingine.

Barua ya Mombasa haijafika. Mume wangu, Odhiambo, aliahidi kuandika kila mwisho wa mwezi. Najua bandarini kazi ni nyingi. Najua pia kalamu si nanga, haimshindi mtu kuinua. Nimekasirika.

Jumatano, 6 Mei

Nimepanda kilimani baada ya adhuhuri kuangalia kichuguu cha Mama. Kikavu kama ukuta. Hakuna uyoga hata mmoja.

Kichuguu chenyewe kiko kwenye gofu la boma la zamani, pale Mama alipoletwa akiwa bibi arusi. Boma lilihamishwa, nyumba zikaanguka, mchwa wakabaki. Kila masika uyoga hutoka pale, na kwa miaka arobaini aliyeuchuma ni yeye. Sasa goti halipandi mlima. Kazi imeniangukia mimi, mtoto wa mjini niliyekulia wali na samaki, niliyedhani uyoga ni chakula cha vyura.

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa. Niliushika uyoga mmoja nikaung'oa mzima, mzizi mrefu ukatoka na udongo wake. Mama akanipiga kofi mkononi. "Nyar Kaloleni, hiyo using'oe. Vunja hapa tu, mguu yake wacha kwa mchanga. Uking'oa, mwaka ingine hakuna." Ndivyo wafanyavyo wanawake wote wa huku. Kidole gumba na cha shahada, unavunja shina usawa wa ardhi, mguu unabaki udongoni ili masika yajayo yakukute na mboga. Na sheria ya pili: wa kichuguu tu. Unaoota kwingine, hata uwe mzuri namna gani, unaupita.

Nililia kwa lile kofi. Lakini ndiyo siku ya kwanza aliponiita nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni. Kabla ya hapo nilikuwa "huyo". "Huyo amerudi kisimani?" "Huyo anakula samaki?" Nimepigwa makofi mawili matatu maishani mwangu, hilo ndilo pekee ninalolikumbuka kwa mapenzi.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua. Hatimaye. Imepiga tangu usiku, paa la bati halikumwachia mtu kulala, na asubuhi kumbikumbi wamejaa uani. Mama amechangamka kama aliyepata mgeni. Anasema wakitoka hao, obuolo iko njiani. Ndivyo wanavyouita uyoga kwa Kijaluo, na akilitaja neno hilo mdomo wake unalainika. Ameshaniagiza nikaombe samli kwa jirani.

Leo nimeikumbuka Kaloleni mpaka kifua kikauma. Ijumaa ya Ramadhani. Jioni vichochoro vinanukia kaimati, watoto wanapita nyumba hadi nyumba na sahani zilizofunikwa, na mama yangu anapaza sauti kuuliza nani amechukua kawa lake. Huku adhana haifiki. Nafuturu kwa kuwatazama kuku wa Mama wakipanda mtini. Hawajawahi kukosea.

Sifuturu peke yangu, lakini. Mama huja akakaa na mimi jikoni, hali kitu, ameshakula zamani, ananitazama tu nikitafuna. Anasema mtu akila peke yake jioni watu watamdhania mchawi. Mwaka wa kwanza nilidhani ananilinda nisiibe sukari.

Odhiambo hayupo. Mtoto hayupo. Nataka kelele ndani ya nyumba hii. Nataka mtu anililie aniite. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 10 Mei

Kichuguu bado.

Mvua siku mbili mfululizo na bado. Nilipoingia uani nilimwona Mama ananitazama mikono kabla ya uso. Jioni akasema anaitamani mboga hiyo kuliko mwanamke mwenye mimba, na labda masika mengine hayatamkuta. Nikamkaripia. Siyapendi maneno hayo, na sina subira nikiwa na njaa. Baadaye nikaona haya, nikampelekea chai yenye sukari nyingi. Akaipokea bila kuniangalia. Tunajuana kwa kununiana.

Penina alipita akitoka kanisani. Ni dada mkubwa wa Odhiambo, ameolewa ng'ambo ya mto. Akakagua ua, akakagua sufuria zangu, akakagua tumbo langu, akaenda zake.

Jumanne, 12 Mei

Nimepata uyoga. Nasubiri kuku wapande mtini, naandika.

Asubuhi nilipanda tena. Kichuguu kimefunga vilevile. Nilikaa juu yake nikataka kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Sikuweza kurudi mara nyingine na mikono mitupu nikatazamwe mikono. Nikaendelea kupanda mpaka msitu wa misonobari, ule uliopandwa na misheni zamani. Wanawake hawachumi kitu huko, wanaokota kuni tu. Na huko chini ya miti, katikati ya yale majani makavu kama sindano, ulikuwa umejaa. Mweupe, msafi, kofia pana zenye ukijani wa mbali, na pete shingoni. Harufu tamu.

Niliona kwamba juu ya kofia hapakuwa na ile ncha nyeusi ya uyoga wa kichuguu. Niliona. Nikajiambia mvua imeunenepesha. Nikavunja kama nilivyofundishwa, kidole gumba na cha shahada, usawa wa ardhi, mguu nikauacha udongoni. Leso ikajaa.

Mama aliponiona alisimama bila fimbo. Akauliza kama ni wa kichuguu. Nikasema ndiyo.

Ningefanya nini? Alikuwa amesimama bila fimbo.

Nikaupika kwa samli na maziwa mazito, ugali wa mtama pembeni. Sikuonja kwa sababu ya funga. Yeye akala mchana huohuo, akalamba vidole, akanisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akirudi kutoka kuvua na kuuliza kabla ya salamu kama kuna obuolo. Fungu langu nikalifunika kwenye sufuria kwa ajili ya futari, nikaenda Kombewa kupeleka sketi.

Narudi, sufuria tupu. Imepanguswa kwa kidole. Mama yuko mlangoni anawatazama kuku kama hahusiki. Nikacheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka kwa kuona nacheka. Basi nitafuturu chai na viazi vitamu. Sijali. Sijamwona na furaha namna hii tangu Odhiambo aende.

Jumatano, 13 Mei

Nimeamka daku nikamsikia anatapika.

Mpaka sasa, alasiri, hajapumzika. Anaharisha maji matupu. Anashika tumbo anajikunja kama mtoto. Majirani wanasema kipindupindu, wameanza kupita njia ya mbali. Nampa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Hayakai. Shuka nimezifua mara nne. Sijashona hata uzi mmoja.

Najiambia ni samli ya jirani imeharibika. Nimeinusa. Haijaharibika.

Nimefunga vilevile. Mtu akiniuliza kwa nini sitaweza kumjibu. Sitaki Mungu apate sababu.

Alhamisi, 14 Mei

Hospitalini. Naandika kwenye benchi.

Tulimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wamemwekea maji ya mshipa. Daktari ni kijana, mpole, macho ya mtu asiyelala. Aliuliza amekula nini juzi. Nikamwambia. Akauliza ulichumwa wapi. Kwake sikudanganya. Akasema nimletee mmoja, na nisiuvunje. Niuchimbe.

Nimepanda kilima kile mbio, na swaumu yangu, na panga la kuazima. Visiki nilivyoviacha Jumanne bado viko, vimeanza kuwa vyeusi. Pembeni yake umeota mwingine, mpya. Nikauchimba. Chini ya udongo mguu umevimba, na umekaa ndani ya kikombe cheupe, kama yai lililopasuka. Uyoga wa kichuguu hauna kitu hicho, una mzizi mrefu unaoteremka mpaka kwa mchwa. Alama ilikuwa pale muda wote. Ilikuwa chini, katika sehemu ileile ambayo sisi wanawake wa huku tunaiacha kwa heshima.

Nikachimba visiki vyangu. Cha kwanza, kikombe. Cha pili, kikombe. Cha tatu sikukimaliza.

Daktari alipouona aliufunga kwenye gazeti, akanawa mikono, akanitoa nje. Uyoga huu, alisema, humwachia mtu. Anatapika siku moja au mbili, kisha anapata nafuu, anazungumza, anaomba chakula, na wakati huo ini lake linakufa. Kesho huenda akaamka vizuri. Nisidanganyike. Watafanya yote wanayoweza, lakini dawa hasa ya kuuondoa mwilini yeye haijui. Wengine hupona. Nikamuuliza wengi? Akatazama viatu vyake.

Nikamwomba asiwaambie ndugu bado. Akakubali kusubiri mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 15 Mei

Ameamka vizuri.

Ameomba uji, amemaliza kikombe. Ameniuliza kama hata maji sijanywa. Penina amekuja na wanawake wa kanisa, wameimba kando ya kitanda, wamemshukuru Mungu, wamecheka. Mimi peke yangu najua. Nimekaa nimemshika mguu chini ya blanketi na naomba yule daktari awe mwongo. Awe mjinga. Awe alilewa jana. Sijawahi kumtakia mtu ujinga kwa moyo wote namna hii.

Walipotoka kununua ndizi nikamwambia Mama. Misonobari. Kofia isiyo na ncha. Lile ndiyo langu. Alichosema daktari sikumwambia, mdomo ulikataa. Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nilijua si ya kichuguu. Mdomo yangu inajua. Lakini ilikuwa tamu, nyar Kaloleni."

Akataka maneno hayo yaishie hapo, yasimfikie Penina. Sijui kama ni kweli alijua. Labda alisema ili mimi nipate usingizi.

Penina alirudi na lake. Amesikia kwa wauguzi kwamba ni uyoga. Amesikia niliupika mimi na sikula. Akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya upole kabisa, imekuwaje mpishi asionje chungu chake. Nikasema nilikuwa nimefunga. Akasema hiyo dini yangu inanisaidia sana. Wale wanawake wakaacha kumenya ndizi. Kitanda cha pili, mgonjwa akageuka. Nikahisi miaka sita yangu yote inateremka chini kama maji ya kufulia. Nimekuwa "huyo" tena.

Mama akajiinua kwa kiwiko.

"Penina. Hiyo obuolo mimi ndio nilimtuma. Yake alifunika kwa sufuria, ya jioni. Nikakula. Ulafi ni yangu. Mtu asiulize huyu mtoto tena."

Mtoto. Nina miaka thelathini na mmoja. Nimetoka nje nikalia nyuma ya matangi ya maji mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 16 Mei

Macho yake ya manjano.

Daktari amewaambia. Penina hakuniangalia.

Jumapili, 17 Mei

Wamemhamishia Kisumu kwa gari la hospitali. Nilikaa naye nyuma. Ziwa lilionekana upande wa kulia, jeupe, tambarare, nikamwambia Mama tazama ziwa. Hakulitazama. Anaita majina ya watu nisiowajua. Mmoja nadhani ni mumewe. Kila akiita naitika.

Kutoka dirisha hili mpaka Kaloleni ningetembea kwa miguu. Dada zangu wako pale. Sijawapelekea habari. Nikiwaona nitavunjika, na sina muda wa kuvunjika.

Simu ya maandishi imeshapelekwa kwa Odhiambo.

Magharibi adhana imefika. Ya kweli, ya mtu mwenye koo. Tangu mfungo uanze nimeitamani. Imenikuta natafuta beseni. Nimefuturu maji ya bomba kwenye kiganja na nimetamani kuku wa Mama.

Jumatatu, 18 Mei

Amefariki alfajiri. Nilikuwepo. Hakuuliza kama nimekunywa maji.

Jumamosi, 23 Mei

Tumemzika.

Odhiambo alifika Alhamisi kwa basi, uso umevimba, shati lilelile alilosafiri nalo. Nilitaka kumkimbilia. Watu walikuwa wengi. Alinishika bega kidogo, akaenda walipo wanaume.

Nikashika mwiko nisonge ugali wa waombolezaji. Mwanamke mmoja akauchukua mkononi mwangu bila neno. Nikashika kisu nikate sukuma wiki. Mwingine akakichukua. Hakuna aliyenitukana. Maneno aliyoyasema Mama wodini hayakuvuka mto, au yalivuka yakaachwa njiani. Nikaenda kufua. Nguo watu hawaziogopi. Siku tatu nimefua mablanketi ya wageni, na kila jioni nimefuturu nyumbani kwangu, mlango nimeurudisha, peke yangu. Nimekumbuka alivyokuwa akisema kuhusu anayekula peke yake jioni. Alikuwa anajua watu wake.

Jumanne, 26 Mei

Nimemwambia Odhiambo. Sikuweza kulala naye chumba kimoja na lile neno katikati. Nilimwambia tukiwa tumekaa kitandani, nikitazama cherehani.

Asubuhi akataka nimpeleke. Tukapanda, yeye mbele. Tulipopita kichuguu alikigusa kwa mkono bila kusimama. Kwenye misonobari nikamwonyesha. Ulikuwa umebaki mmoja, mkubwa, umeanza kuinama. Akapiga magoti akachimba kwa vidole, taratibu, mpaka kikombe kikaonekana. Akakaa chini nacho muda mrefu.

"Hata mimi ningevunja tu," alisema.

Ni hayo tu. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Anarudi Mombasa keshokutwa, likizo ya msiba imekwisha. Usiku analala kwenye nyumba ya mama yake. Miezi mitano nimemtamani, na sasa yuko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu na bado namtamani.

Ijumaa, 29 Mei

Idi.

Nimeoga, nimevaa gauni la kijani, nimepika wali wa nazi sufuria ndogo. Nazi ililetwa na Odhiambo kwenye begi, akasahau kunipa mpaka dakika ya mwisho, akiwa ameshapanda basi jana. Akanipitishia dirishani. Nimeishika njia nzima kifuani kama kichwa cha mtoto.

Saa tano Penina akaja. Peke yake. Akakaa mlangoni kwa Mama, mahali pa Mama, goti amelinyoosha. Nikaendelea na kazi zangu. Akasema ana njaa.

Nikasimama. Nikampakulia wali na mchicha. Akaunusa, sikatai, akaunusa. Kisha akala. Akala wote mpaka kijiko kikalia kwenye sahani. Mimi nikala mbele yake, tonge kwa tonge. Alipoondoka alisema kesho ni siku ya soko na yeye ana mdomo mkubwa, watu watajua alikula wapi leo.

Simpendi Penina. Lakini leo nilitamani akae kidogo zaidi.

Jumatatu, 9 Novemba

Vuli nzima na kichuguu hakijafunguka. Kule kwenye misonobari, umejaa.

Jana, baada ya wanawake kutoka kanisani, nilisimama njiani na kikapu. Nilikuwa nimechimba minne, nimeileta na udongo wake. Nikaipanga kwenye gunia. Wengine walipita mbali. Wengine walicheka, mtoto wa Kaloleni kuwafundisha wao obuolo. Penina akaja akasimama upande wangu, na Penina akisimama watu husimama. Nikawaonyesha kikombe. Nikasema mnachimba mmoja kwanza mnatazama mguu. Ukiwa na mzizi mrefu, mnaufukia, iliyobaki mnavunja kama mama zetu. Ukiwa na kikombe, mnaondoka mikono mitupu. Hilo la mikono mitupu nikalirudia mara mbili.

Tukirudi nikamwambia Penina lile neno ndiyo. Mama aliniambia nisimwambie. Nimemuasi mara moja tu, hapo. Penina alitangulia mpaka mtoni. Kwenye mawe ya kuvukia akauliza kama Mama alijua. Nikasema alijua. Akavua viatu akavuka. Upande wa pili akageuka akanipungia mkono, nusu tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Odhiambo ameandika. Barua tatu sasa kwa miezi miwili, huyu huyu wa kalamu nzito. Amepata chumba kikubwa, anataka niende. Sijamjibu. Natamani kwenda. Natamani pia kubaki hapa nimsikie mtu akiniuliza kuhusu mate, na hilo haliko hapa wala Mombasa.

Jumanne, 3 Mei 1988

Funga ya kumi na sita. Mvua imekoma kabla ya mapambazuko. Nimeshona mikono ya blauzi mbili, nikaacha.

Kichuguu kimefunguka.

Uko upande wa magharibi, mahali aliponipigia lile kofi. Zaidi ya ishirini, ncha nyeusi juu, udongo bado umeng'ang'ania kofia. Nimekaa chini kwanza. Kisha nimechimba mmoja kwa kisu, nikaufuata mzizi mpaka mkono ukazama karibu kiwiko. Haukuwa na kikombe. Nikaufukia. Iliyobaki nimevunja usawa wa ardhi, mguu ukabaki.

Nusu nimempelekea Penina. Ameipokea mlangoni, ameigeuza mmoja mmoja, ameniuliza kama nimechimba. Nimesema nimechimba. Akaingia ndani akatoka na samli.

Nimepika jikoni kwa Mama, kwa samli na maziwa mazito. Sikuonja. Nimefunika sufuria, nimeiacha jikoni pale, nimeenda Kombewa na nguo za watu. Nguo hazikuwa za kupelekwa leo. Nimezunguka soko, nimeulizia mafuta ya cherehani niliyo nayo nyumbani, nimemwandikia Odhiambo kwamba aje Idi, tuzungumze, nimetia barua posta. Nimerudi polepole.

Kuku walikuwa wanapanda mtini. Nikaingia jikoni, nikafunua sufuria.

Fungu langu lilikuwepo, lote.